Nilimwambia Mama Sioni

Nilimwahidi Mwalimu Hadija kwamba katika kikundi nilichokiunda hakuna mtu atakayeumizwa. Nilimwahidi nikiwa jikoni kwake, nikila ugali wake...

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kintinku. Nilipopangiwa shule moja wilayani Ikungi sikuwa na pa kulala. Mwalimu Hadija, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinipa chumba nyumbani kwake mpaka nikapata nyumba. Aliniita mwanangu.

Chuoni nilisomea pia kompyuta. Niliumia kuona walimu wakinyamaza vikaoni kwa kumwogopa mkuu wa shule. Nikafufua kompyuta kuukuu ya ofisini, nikaifanya seva yetu wenyewe, tukaanza kuandikiana humo kwa simu. Ili kila mmoja awe huru, niliondoa majina. Kila ujumbe ulitokea kwa jina moja tu: "Mwalimu". Niliwaambia kwamba hata mimi msimamizi sioni nani kaandika nini.

Haikuwa kweli! Nilikuwa na nywila ya kuona kila kitu. Nilijiambia kwamba kwa kuwa sitaitumia, basi sijadanganya.

Mwanzoni tulicheka sana. "Chai ya leo ni ya kunywa au ya kunawa?" mmoja aliandika. Kisha mafuta ya chakula cha wanafunzi yakaanza kupungua stoo, na funguo za stoo alizishika Mwalimu Hadija. Ukatokea ujumbe: "Muulizeni bibi wa stoo, lile dumu la jioni lina nini?" Mwingine akadakia: "Ndiyo maana maandazi yake yanang'aa!"

Watu waliompa shikamoo asubuhi ile ile...

Nilitumia nywila. Aliyeanza alikuwa Rebeka, mwalimu mwenzetu na mchumba wangu.

Nami nilijua dumu lile lina nini! Yalikuwa mafuta ya alizeti ya shamba lake la Misigiri. Mdogo wake aliyatuma kwa basi, yakaachwa getini mwa shule, naye akayabeba jioni kwenda nyumbani. Si ndiyo niliyoyala muda wote nilipoishi kwake? Lakini sikuandika hata neno moja la kumtetea. Niliogopa nikianza kusema, Rebeka atajulikana.

Mwalimu Hadija alinifuata ofisini. "Mwanangu, sitaki mtu afukuzwe kazi. Nataka aje aniamkie, anitazame usoni, ndipo aniulize dumu lina nini. Ni nani?"

"Mama, mfumo hauonyeshi."

"Haya," akasema.

Alirudisha funguo. Akaacha kunywa chai nasi. Hatimaye akaomba kustaafu mapema, akarudi shambani kwake bila hata kuagwa... Na mafuta yaliendelea kupungua! Ndipo ikabainika kwamba mzabuni alikuwa akileta madumu yasiyojaa.

Rebeka alilia, akakiri kwangu kosa lake. Nami nikakiri kwake kwamba nililijua tangu siku ya kwanza. Alisema tu, "Twende Misigiri."

Tulimkuta uani akipepeta alizeti. Rebeka alipiga magoti, akaeleza yote, hata yale ya kwangu. "Shikamoo, mama," akasema kwa kwikwi.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua gauni."

Nikasogea. "Shikamoo, mama."

Aliendelea kupepeta. Nikarudia, nikidhani hakusikia. Ndipo akaweka ungo chini.

"Huyu hakujua dumu lina nini. Wewe ulijua. Nikakuuliza kwa mdomo wangu, ukaniambia huoni."

Akauinua tena ungo wake.

Seva ile nimeizima. Rebeka huenda Misigiri kumtembelea, nami humpa salamu zangu azifikishe. Huzifikisha. Harudi na jibu... Nani amlaumu mama yule? Nilijiita mtetezi wa wanyonge, na mnyonge aliponijia, nilimficha mpenzi wangu nyuma ya kompyuta!

Ndugu msomaji, ikiwa unasimamia kikundi cha wenzako, waambie leo hii yote unayoweza kuyaona. Na akikujia mtu aliyechafuliwa jina humo, nakuomba, usimwambie huoni.