Taa ya Barazani kwa Akina Greta

Kila siku akirudi shule, Greta hutupa mkoba kwenye kochi, huchukua tofaa jikoni, kisha hutoka kufagia majani makavu mbele ya nyumba yao mjini Marietta, Marekani. Siku ya Halowini, watoto wanapovaa mavazi ya kuigiza na kupita jioni kila nyumba iliyowasha taa wakidai "Peremende au vituko!", alikuwa na haraka, maana boga lake la kutishia watu barazani lilikuwa bado halijachongwa meno.

"Greta, huo mpira wa maji uukunje, uuweke gereji," baba yake alimwambia akienda kununua peremende. "Fagia njia, na taa ya barazani iwake. Watoto watapita."

"Nimeshasikia, Baba!"

Kusikia alisikia, lakini boga lilimteka. Alilichonga macho ya hasira na meno yenye mapengo, akatia taa ndogo ya betri ndani. Giza lilipoanza kuingia, akaona taa ya barazani inalififisha. Akaizima. Majani aliyaacha yameufunika mpira, eti nyumba itishe zaidi.

Watoto walifika getini wakiwa wamevaa kama mazimwi na wachawi, wakachungulia.

"Taa imezimwa, hawa hawatoi kitu. Twendeni!"

Greta alinuna. Aliyeingia ni Odie peke yake, mtoto wa jirani, aliyekuwa bado hajaanza shule. Wiki nzima alilisubiri boga la Greta. Alivaa mabawa ya bundi aliyoshonewa na bibi yake, akaja mbio mbele ya mama yake.

"Peremende au vi—"

Hakumaliza. Mpira ulimnasa mguu, akaangukia ngazi.

"Jamani, Odie!" mama yake alilia. "Kwa nini mmezima taa? Na huu mpira je?"

Odie alipelekwa hospitali mkono umevunjika. Bawa moja lilibaki kwenye majani.

Baba aliporudi aliuliza, "Nani kazima taa?"

"Mimi, Baba."

"Nilikwambia nini mimi?"

Greta alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kesho yake alikunja mpira, akafagia njia yote, kisha akapeleka bawa kwa akina Odie.

"Nisamehe, Odie. Kosa ni langu. Njoo kwetu nikupe peremende zako."

Odie alijificha nyuma ya mama yake, mkono wenye plasta ukiwa umefungwa kifuani. "Sitaki. Kwenu kunaangusha watu."

Maneno hayo yalimchoma Greta kuliko ukali wa baba yake. Tangu hapo kila jioni alifagia, akawasha taa, akaketi barazani kusubiri. Boga lilianza kunyong'onyea.

Jioni moja Odie alisimama getini na mama yake, mabawa yote mawili mgongoni.

"Mpira uko wapi?"

"Gereji."

"Mwongo!"

"Njoo uone mwenyewe."

Odie alikwenda akauona. Akarudi, akapanda ngazi moja moja huku akitazama miguu yake.

"Peremende au vituko!"

Greta alimmiminia bakuli zima la peremende. Baba alikuwa mlangoni.

"Tukiwasha taa hii, Greta, tunawaita watoto wa watu," alisema. "Na tukishawaita, usalama wao ni kazi yetu, toka getini mpaka hapa mlangoni. Fagia kwanza, boga baadaye."

"Ndiyo, Baba."

Odie alihangaika kufungua peremende kwa mkono mmoja, akashindwa, akamnyooshea Greta. Greta alimfungulia, machozi yakimlengalenga.