Kiti cha Nusu Dakika

Picha ya kwanza ilitoka na kosa dogo. Kibiriti, mdogo mtu, alitakiwa aonekane mwepesi kama moshi. Alionekana hivyo, lakini nyuma yake palikuwa na bega la mtu mwingine, zito, lisilopenyeka.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Dada mtu alikwama kwenye swali la sita la fizikia, lile la mwanga, akafunga daftari, akavuta mapazia ya sebuleni na kuweka kamera ya baba juu ya rundo la vitabu. Ufundi wenyewe ulikuwa rahisi: kamera inaachwa wazi nusu dakika, mtu anakaa kitini robo dakika, kisha anaondoka, na pichani anatoka akipenyeka kama moshi. Kiti kinabaki kitupu mbele ya kamera iliyo macho.

"Dada, umenenepa mpaka umeingia kwenye picha yangu," Kibiriti alicheka.

"Funga domo, kaa tena."

Picha ya pili ilinuka. Hakika ilinuka, nywele zilizoungua, na ndani yake mkono ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa Kibiriti. Alipotazama mkono wake mwenyewe, alikuta alama tano nyekundu.

"Dada, tuache. Nasikia baridi."

"Ngoja nijaribu kiti kitupu. Simama hapa kwangu."

Hilo ndilo kosa ambalo familia hii bado hailisemi kwa sauti. Alibonyeza, na kabla sekunde ya tano haijaisha Kibiriti alikamatwa nywele na kitu kisichoonekana, akaburutwa sakafuni akipiga mayowe, akagonga kichwa kwenye ukingo wa meza, jino likaruka, na akatupwa kitini kwa nguvu iliyofanya mbao zilie.

"Nimekaribishwa mara tatu," sauti nzito ilitoka katika kinywa chake chenye damu. "Nimekaa."

Mama yao, seremala, aliingia kutoka karakana na nyundo mkononi. Kiti kile alikitengeneza mwenyewe. Alimwona Kibiriti amenaswa hapo, akaupiga mguu wa kiti, ukavunjika, na papo hapo mguu wa Kibiriti ukavunjika chini ya goti, mfupa ukachomoza mweupe.

"Mama, acha! Utamuua!"

Nyundo ilibaki hewani. Mkono wa Kibiriti ukaanza kujipinda wenyewe, taratibu, ukipita pale mkono unapokoma kupindika, huku yeye akilia kwa sauti yake ndogo, "Dada, dada, niondoe," na sauti ile nyingine ikicheka chini yake, na harufu ya nywele ikijaa chumba mpaka mama akatapika alipokuwa amesimama, bila kuiachia nyundo.

Dada mtu alipiga magoti. "Mwache mdogo wangu," alinong'ona. "Kaa kwangu."

Kibiriti alianguka chini kama nguo. Alikuwa anapumua. Mama alimkumbatia, akamfuta damu, akamwita kwa jina lake mara nyingi, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba ana mtoto mwingine.

Huyo alikuwa amesimama wima karibu na kamera, mtulivu, akimtazama.

"Malizia kukivunja kiti, mama," alisema, kwa sauti nzito. "Sikihitaji tena."