Mlinzi wa Picha ya Mama

Kisanduku cha picha ya mama yake kilinuka giligilani iliyooza. Lalla Zhor akakitegea sikio. Ndani, kitu kilikuwa kikitafuna.

"Astaghfirullahi! Mende tena?"

Hapakuwa na mende. Palikuwa na ile picha ya wino, sura pekee aliyonayo ya mama aliyekufa akimzaa, na mdomo wa mama haukuwepo. Karatasi haikuwa na hata tundu. Kilicholiwa ni wino tu.

Fez nzima hakuna aliyemshinda Zhor kwa kutengeneza picha za karatasi, lakini hodari naye huteleza. Juzi picha ilikataa kuenea kwenye kadibodi yake, naye akaukata ukingo alioandika marehemu baba: "Ewe Kabikaji." Ndilo jina la jini mfalme wa wadudu. Wazee waliliandika ili karatasi isiliwe; mafundi wa leo hulicheka. Na kwa kuwa karatasi kuukuu haitupwi, kipande kile alizibia mpasuko nyuma ya picha ya marehemu mtoto wa jirani yake, Lalla Batul, aliyemletea aitengeneze.

Adhuhuri akaja Fakihi Si Larbi, mwalimu wa Kurani wa mtaani. Alisita mlangoni, akanusa.

"Umemhamisha mlinzi," alinong'ona.

"Basi niliandike jina upya!"

"Thubutu! Huyo ni mbwa, umwite huku na kule? Anakaa kilipo kipande chake. Na anapohamishwa, hukila alichokuwa akikilinda."

"Nikimrudisha?"

"Atakula alikotoka." Fakihi akavaa viatu. "Mie simo, binti yangu."

Utafunaji ukapanda, ukatoka kidevuni ukalamba shavu, ukasogelea macho, na Zhor akailowesha pamba, akakibandua kile kipande nyuma ya picha ya mtoto, huku akisema nisamehe Batul, nisamehe, akakigandisha chini ya picha ya mama kabla jicho la kwanza halijafifia.

Kimya. Macho yote mawili yalikuwapo. Zhor akalia kwa furaha, wallahi, akayabusu.

"Zhor, dada!" Lalla Batul huyo, ngazini. "Nimekuja kumchukua mwanangu! Nimeshampigia msumari ukutani."

Akaingia akihema, akaketi kando ya kisanduku chenye picha ya mwanawe, akakipapasa kifuniko. Kisha akainua kichwa.

"Dada, nani anatafuna?"

Zhor akaikumbatia picha ya mama yake.

"Sisikii kitu," akasema.