Kengele ya Chumba cha Kusomea

Saa sita kasoro dakika sita mchana, Jumatano, Yashwant Dhurve, Mpambe wa Bunge la jimbo, alifunga mlango wa ukumbi kwa ufunguo. Kengele ya kura ilikuwa imelia dakika mbili kamili. Mara mlango ukagongwa kutoka nje.

Aliyegonga alikuwa Kalavati Netam, mbunge wa Wagond, kabila la milimani, mwalimu aliyechaguliwa mwaka jana. Dhurve alimtambua kwa sauti, lakini hakufungua. Kura ikianza hafunguliwi mtu, hata awe Waziri Mkuu wa jimbo.

Upinzani ulishindwa kwa kura ishirini. Kura ya Kalavati isingebadili kitu. Lakini chama chake, cha upinzani, kilikuwa kimeamuru kwa maandishi kila mbunge wake apige kura, na kisheria asiyetii amri hiyo anaweza kupoteza kiti. Ilipofika saa sita na robo, barua ya Vinayak Deshkar, mnadhimu wa chama hichohicho, ilikuwa mezani kwa Spika: Netam avuliwe ubunge.

"Kengele ya chumba cha kusomea haikulia, mzee," Kalavati alimwambia Dhurve. "Mtunza maktaba ndiye aliyeniuliza mbona sijaenda."

"Kila mtu anajua unakaa pale, dada."

"Nasoma miswada. Wenzangu wananiita Mwanafunzi."

Dhurve alikwenda chumba cha kusomea, akapanda ngazi hadi kwenye kengele. Kati ya nyundo na bakuli la kengele alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne: orodha mpya ya shughuli za siku ile.

Kwanza alimwita Tukaram, fundi umeme, aliyeonekana juu ya ngazi ileile saa nne asubuhi. Tukaram alicheka. Angetaka kuinyamazisha, alisema, angekata waya. Tena Kalavati alikumbuka kwamba saa tano, kikao kilipofunguliwa, kengele hiyo ililia vizuri. Fundi akaachwa.

Daftari la tarishi lilionyesha kwamba orodha mpya ilitoka saa tano u nusu, nakala tatu tu; wengine wangepewa baada ya chakula. Waliotia saini ni waziri wa shughuli za bunge, kiongozi wa upinzani na Deshkar. Koridoni watu walinong'ona kwamba ni waziri. Waziri akatoa nakala yake mfukoni, ina doa la chai. Ya kiongozi wa upinzani ilikuwa ndani ya jalada lake.

Saa kumi wote waliketi mbele ya Spika, Anusaya Wankhede. Alitoka chama tawala, na mpinzani mmoja kupungua kungewafaa wenzake. Hata hivyo alimwambia Dhurve aeleze yote, na mwandishi aandike.

"Nakala yangu iliniponyoka ukumbini," alisema Deshkar. "Mtu yeyote angeiokota."

"Mheshimiwa, nilikuwa mlangoni," Dhurve akajibu. "Saa tano na dakika arobaini uliinama mbele ya Kiti cha Spika ukatoka, karatasi mkononi. Ulirudi baada ya dakika tano, mikono mitupu."

Deshkar akamgeukia Kalavati. "Mpwa wangu ameisubiri tiketi ya chama kugombea milimani miaka kumi. Wewe umekuja juzi na kitabu chako cha kanuni."

"Ungesoma na wewe, bwana," alisema Kalavati, "ungejua kila karatasi humu ina saini yake."

Spika aliikataa ile barua. Deshkar alipelekwa kwenye kamati ya maadili, akaahidiwa kwamba huko naye atasikilizwa. Kalavati aliuliza kama kura ya asubuhi inaweza kurudiwa. Spika alisema haiwezi.

"Ni haki," Kalavati akasema. "Mlango ule ukifunguliwa kwangu, kesho utafunguliwa kwa mwenye gari refu kuliko langu."

Alhamisi kengele ya kura ililia tena. Dhurve alisimama na ufunguo akitazama koridoni. Kalavati alipita ameshika kitabu.

"Leo umewahi, dada."

"Leo nimesomea chini ya kengele, mzee, nimesimama."

Dakika mbili zilipotimia, Dhurve alifunga mlango.