Nukta Chini ya Kitovu

Kinasamiale, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kilimzunguka Mwanahawa taratibu bila kumgusa. Mashine nyingine humpiga mgonjwa miale kutoka nje. Hii hungoja miale itoke mwilini mwake. Jana alikunywa kikombe cha madini joto yenye miale, yakasafiri kwenye damu kutafuta tezi ya shingo, maana tezi hiyo ina uroho wa madini joto. Yake iliondolewa miaka miwili nyuma kwa sababu ya saratani. Kama kulikuwa na masalia, leo yangeng'aa.

Hidaya, mhandisi wa kitengo hicho katika hospitali moja ya Tanga, alitazama picha ikijichora. Shingoni, giza tupu. Akafurahi. Kisha macho yakashuka mpaka chini ya kitovu, akaona nukta ndogo, angavu mno. Kibofu hung'aa pia, kwa kuwa dawa hutoka na mkojo, lakini kibofu kilikuwa chini yake, kinaonekana chote. Hii ilikuwa kitu kingine.

Alifungua majibu ya Msaili, roboti la ukumbini linalohoji wagonjwa. Una mimba? Hapana.

Msaili alibuniwa na Hidaya mwenyewe, aliyejivunia sana kazi hiyo. Zamani muuguzi alimvuta mwanamke nyuma ya pazia, akamuuliza kwa kunong'ona, kisha akampima mkojo. Hidaya aliona huo ni upotezaji wa muda. Akaondoa pazia, akafuta kipimo kwa kila aliyejibu hapana. Ukumbini wanawake hukaa bega kwa bega na mama wakwe zao. Hilo alilijua, kazaliwa Tanga hiyo hiyo! Hakuliwaza tu, na sasa lilimchoma.

Alimkuta Mwanahawa ameketi kitandani, mama mkwe wake akimfunga mtandio.

"Mama, tupishe kidogo."

Mzee alitoka akinung'unika. Hidaya akafunga mlango.

"Mimba ina miezi mingapi?"

Mwanahawa alitazama mlango kwanza. "Minne. Nani kakwambia? Tunajua mimi na mume wangu tu."

"Mbona ulikataa?"

"Mbili zimetoka, dada, zote baada ya kutangazwa. Hii nikasema simwambii mtu mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Ndiyo nilitangazie roboti, Mama kakaa hapo, ukumbi mzima unasikiliza?"

"Mimi ungeniambia?"

"Ungeniuliza."

Hidaya alimweleza bila kumficha kitu. Mtoto wa miezi minne tayari ana tezi yake, nayo hainusi kama madini joto ni salama au la, huyanyonya tu.

"Atakufa?"

"Sidhani. Ila tezi huenda imeungua, hatujui kiasi gani. Tutamfuatilia, na akizaliwa atapimwa siku za mwanzo kabisa. Ikiwa imeharibika, atakunywa dawa maisha yake yote. Akiikosa, hatakua vizuri, mwili wala akili."

"Nioneshe."

Hidaya akamgeuzia skrini. Mwanahawa aliweka kidole juu ya nukta, akalia kimya kimya.

"Nilimficha watu wasimwone," alisema.

Ukutani ikapenya sauti ya Msaili, tulivu, ikimhoji mwanamke mwingine.

"Una mimba?"

"Hapana," likaja jibu, upesi.

Mwanahawa alijifuta uso kwa mtandio.

"Kamuulize tena huyo," alisema. "Aliyekaa naye mtoe kwanza."