Aliyesimama Katikati ya Spika Mbili

Jumamosi saa sita mchana, soko la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika watu na kelele. Kila duka lilifungulia redio yake ili kuifunika ya jirani. Katikati ya ghasia hiyo mshonaji mmoja, ndani ya gauni la rangi ya haradali alilolikata mwenyewe, alikuwa anafungua pochi alipie risiva mpya, kile chombo kinachopokea redio na kuendesha spika mbili. Ilikuwa na taa za buluu zinazokimbizana.

"Dada, kabla hujalipa, inyanyue kwanza."

Akageuka. Msemaji alikuwa fundi wa duka la pili, mrefu, koti lake la kazi limejaa matundu ya kuungua, aliyekuja kuazima bisibisi. Sokoni walimwita Sikio, kwa kuwa alijua ugonjwa wa redio kabla hajaifungua.

"Nimekuja kununua sauti, sikuja kubeba mizigo."

"Kwa mkono mmoja tu."

Akainyanyua. Ilipanda kama kapu tupu.

"Umeona? Ndani hamna kitu. Transfoma inayolisha spika ipasavyo huwa nzito. Hiyo itakupa taa mpaka uchoke, lakini ukipandisha sauti italia kama mbuzi."

"We Sikio!" mwenye duka akafoka. "Chukua bisibisi uende zako!"

"Nimeshaichukua, mkubwa. Namsubiri dada."

Mshonaji akacheka bila kutarajia, akafunga pochi, akamfuata.

Dukani kwake Sikio hakumwonyesha kitu. Aliuliza maswali kwanza, na jambo hilo peke yake lilimpendeza mgeni.

"Chumba chenu kina ukubwa gani?"

"Hatua tano kwa nne."

"Mnasikiliza nini?"

"Santuri. Hasa moja." Akamweleza. Mama yake, mwalimu mstaafu wa kwaya, alirekodi santuri moja ujanani, kwaya nzima nyuma yake, yeye amesimama katikati anaongoza kwa sauti yake mwenyewe. Risiva yao ilikufa miaka tisa iliyopita, wakabaki na kinanda cha santuri na spika. "Nataka mama ajisikie tena. Ila mfuko wangu mfupi."

"Mfuko mfupi si tatizo kwa chumba kama hicho. Usilipie nguvu ya ukumbi wa harusi. Wati thelathini za kweli zinawatosha." Akashusha risiva ya kijivu, iliyotumika, uso wake una mikwaruzo. "Zungusha kitufe. Ukisikia chakarachakara, kataa. Halafu tazama nyuma: ina tundu la santuri. Nyingi za siku hizi hazina."

"Na sura yake?"

"Sura utaizoea. Mimi mbona wamenizoea?"

Kesho yake mshonaji akaja na santuri. Sikio akaiweka kwenye kinanda alichokiunganisha na ile risiva ya kijivu, akashusha sindano, na sauti ya msichana ikasimama baina ya spika mbili za duka kana kwamba mwenyewe ameingia kwa kupenya ukuta. Fundi akavua kofia.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Hongera yake. Na yako uliyemtunza."

Kuisafisha risiva kulichukua wiki mbili, na kila siku simu ya mshonaji iliita.

"Hujambo, Haradali? Leo nimesafisha swichi."

"Umenipigia kwa hilo tu?"

"Nimepiga nisikie sauti isiyohitaji kusafishwa."

"Mh! Maneno hayo umeshayauza kwa wangapi?"

"Dukani kwangu vyote vimetumika, mpenzi, isipokuwa hayo."

Mshonaji alimpenda kwa sababu alikuwa muuzaji anayejua kumwambia mteja asinunue. Naye Sikio, aliyempitia kwenye karakana ya ushonaji jioni moja, alimwona akipitisha uzi kwenye tundu la sindano huku anamtazama yeye machoni, akarudi kwake akijikwaa.

Siku ya kuichukua risiva, Sikio akauliza, "Nije niwafungie waya?"

"Mimi naunganisha vipande arobaini vya gauni, nishindwe na waya nne?"

Akamwachia.

Nyumbani zilikuwepo spika za zamani za mama, skrubu zake za kufungia waya zimefutika rangi zake nyekundu na nyeusi. Mshonaji akazifunga, akamketisha mama kwenye kiti chake, akashusha sindano. Kwaya ikatoka, lakini nyembamba, imetawanyika kutani. Mama, amejifunika shali nyeupe, aliinama mbele akisubiri. Akasubiri mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi nilisimama katikati. Mbona sipo?"

Mshonaji akachukua simu, akampigia Sikio.

"Umenibadilishia mashine."

"Nimefanya nini?"

"Ile ya dukani mama yangu alikuwemo. Hii hayumo."

"Kwa hiyo mimi mwizi?"

"Sijui wewe ni nani."

Simu ikakatwa, na hakuna aliyejua nani alitangulia kukata. Siku kumi zikapita. Mshonaji alifumua mshono mmoja mara tatu. Sikio, ambaye hakuwahi kuitwa mwizi hata na washindani wake, alijiunguza vidole viwili na kumjibu kila mteja kwa mkato. Alikuwa tayari kumpoteza mwanamke kuliko kumbembeleza anayemshuku; mwanamke naye alikuwa tayari kumpoteza mwanamume kuliko kuona mama yake anachezwa shere.

Siku ya kumi na moja simu ya fundi ikaita.

"Fundi, mimi ndiye niliyepotea."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ugomvi wenu sina haja nao, nisikilize. Besi zimekonda. Soprano wametupwa kushoto nje ya dirisha, wanaume kulia huko. Katikati pamebaki shimo. Nimefundisha kwaya miaka thelathini. Mashine mbovu ingetuharibu sote. Hii imenichagua mimi."

Sikio alisimama wima. "Mama, waya alifunga nani?"

"Unamjua."

"Nakuja sasa hivi."

Mlango ulifunguliwa na mshonaji, vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi ya kijani.

"Umefuata nini?"

"Nimeitwa na mama."

Akamgeuzia mgongo, lakini mlango akauacha wazi.

Sikio akapiga magoti nyuma ya spika. Waya zilikuwa zimenyooshwa kando ya ukuta kama upindo wa gauni, na kila baada ya shubiri zimefungwa kwa uzi.

"Aisee."

"Nini tena?"

"Miaka yote sijaona waya zimelazwa hivi. Ila nyekundu mbona zote umezifunga kwenye skrubu ya upande wa nje?"

"Ndiyo zigeuziane, kama mikono ya gauni. Mkono wa kushoto na wa kulia haikatwi sawasawa, mmoja unaugeuza. Usipogeuza, bibi harusi anavaa mikono miwili ya upande mmoja."

Fundi hakucheka, ingawa alitaka.

"Spika si mikono ya gauni, Haradali. Ni askari wa gwaride. Zote mguu mmoja. Hii ikisukuma ile ikivuta, zinammeza aliye katikati. Kosa langu, sikukwambia."

"Lako? Mimi ndiye niliyekuita mwizi."

"Hilo lako. Hilo nakuachia."

Akageuza waya mbili za spika moja. Mshonaji mwenyewe akashusha sindano. Besi zikajaa sakafuni, kwaya ikajipanga, na msichana wa zamani akatokea pale hasa ukuta ulipokuwa mtupu. Mama alifumba macho. Midomo yake ilimfuata neno kwa neno, mpaka mwisho wa wimbo.

"Kumbe nilikuwa naimba," akasema. Kisha, baada ya kupangusa miwani: "Ila mwishoni pumzi nilichelewa. Mwanafunzi ningemkemea."

Mshonaji alikuwa analia waziwazi. "Nisamehe."

"Nilikusamehe nilipoona huo upindo," Sikio akasema. Akasimama, akakung'uta magoti ambayo hayakuwa na vumbi. "Nina neno, sijui nilianzie wapi."

"Usianze. Nyoosha mikono." Alishatoa utepe wa kupimia mfukoni.

"Ya nini?"

"Nimeshona nguo za harusi miaka minane. Mabwana harusi huwa nawaachia wenzangu wawapime. Huyu simwachii mtu. Usipumue."

"Mwache apumue," mama akasema kutoka kitini, "apate kujibu."

"Nakubali, mama."

"Aliyekuuliza si mimi."

Akainamisha kichwa kwa yule aliyemzungushia utepe kifuani. "Nakubali, mpenzi."

Mshonaji akapima mabega mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuziona namba vizuri. Kisha akakiandika kipimo kwenye kiganja chake, maana daftari lilikuwa chumba cha pili na hakutaka kwenda mbali.