Je, Mzungu ni Tusi?

Sekela anaishi Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi. Ana kamba moja na rafiki mmoja, Tumpe.

Lakini kuruka kamba kunataka watu watatu. Wawili wazungushe, mmoja aruke.

Walijaribu kuifunga kwenye mgomba. Mgomba ukainama, ukalala chini.

Kwenye nyumba ya jirani walikuwa wamehamia wageni: baba, mama na mtoto wa kike. Yule mtoto alikuwa dirishani, akiitazama kamba.

Sekela na Tumpe wakaimba kutoka barabarani:
"Mzungu, mzungu, njoo turuke.
Mzungu, mzungu, kamba inakungoja."

Mlango ukalia kwiii. Akatoka baba mtu, ana povu la kunyolea kidevuni. "Mimi?"
"Shikamoo. Hapana, si wewe."

Wakaimba tena:
"Mzungu, mzungu, njoo turuke.
Mzungu, mzungu, kamba inakungoja."

Kwiii. Akatoka mama mtu, ana mwiko mkononi. "Mimi?"
"Shikamoo. Hapana, si wewe."

Wakaimba mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi. Dirisha likafungwa. Kwap.

Sekela akamwendea Mjomba Ambakisye, dereva wa lori. Mjomba amefika nchi nyingi, na amepotea katika zote.

"Shikamoo, Mjomba. Mzungu ni tusi?"
"Marahaba. Si tusi. Kwani umemtukana nani?"
"Hatukumtukana. Tulimwita aje kucheza. Amefunga dirisha."

Mjomba akakuna kitambi. "Mimi huko mbali watoto waliniita 'Mweusi, mweusi.' Nikajitazama kwenye kioo. Kweli, mweusi."

Akaendelea, "Siku ya kwanza nikawapungia mkono kama waziri. Siku ya kumi nikapita uchochoroni nisiwaone. Nikatumbukia mtaroni, chubwi."

Sekela akacheka. "Ulitaka wakuiteje?"
"Ambakisye. Hata wangesema Ambulensi, ningeitika. Na mwenzenu anaitwa nani?"

"Hatujui," akasema Sekela.
"Hata hodi hamkupiga?"
"Hatukupiga."

Basi wakaenda, yeye na Tumpe, mpaka mlangoni.
"Hodi." Kimya.
"Hodi." Kimya.
"Hodi." Kwiii, kidogo tu.

"Mimi Sekela. Huyu Tumpe. Wewe nani?"
"Ingrid."
"Ingiridi?"
"Ingrid. Na wewe Sekera?"
"Sekela."
"Sekera." Wote wakacheka.

"Ukiitwa mzungu, unakasirika?"
Ingrid akafikiri. "Kidogo. Mnapiga kelele, naogopa. Na sisi hapa tuko watatu. Sijui mnamwita nani."

Tumpe akainua kamba. Wakaimba polepole:
"Ingiridi, Ingiridi, njoo turuke.
Ingiridi, Ingiridi, kamba inakungoja."

Akaja. Pa, pa, pa, ikapiga kamba. Akaruka Ingrid, akaruka Tumpe, akaruka Sekela, mpaka mama zao wakawaita kula.

Usiku, chini ya blanketi, Sekela akawa anajifunza.
"Ingi. Ingiri. Ing."

Mara ya saba akaweza.
"Ingrid," akasema. Akalala.